Kamasi za Mogesi

Nelson alikunja pua kabla hajashuka kwenye bodaboda. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, mtoto mchanga Mogesi yuko mapajani anakoroma kwa mafua, na asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kusiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe, kwa hiyo harufu ilikuwepo. Mji wenye ng'ombe unanuka ng'ombe. Yeye akatoa leso nyeupe akaiweka puani.

"Sasa mathe," akasema.

"Marahaba," nikamwitikia.

Shikamoo hakunipa, lakini mimi yangu niliichukua. Wa bodaboda akacheka, akageuza pikipiki yake akaenda kungoja kwenye kivuli.

Niseme huyu Nelson ni nani, maana wa mbali hawajui mambo yetu. Mimi nimezaa mabinti tu, wote wameolewa. Kwetu Nyanungu mwanamke wa namna hiyo hakai akangoja nyumba yake ifungwe. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa na huyo msichana ni wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Mimi nilimwoa Veronika. Mwanamume wa kuzaa naye alijitafutia mwenyewe, sikumwingilia, akaniletea huyu anayebadilisha pesa pale mpakani Sirari, anayenukia marashi mpaka kuku wanakimbia. Wakazaliwa Mniko na huyu mdogo, ambaye nimempa jina la mama yangu mzazi. Nelson hana kitu hapa. Anajua hivyo, na wazee wa kwao wanajua.

Siku hiyo alikuja kuwachukua. Mama na watoto wote.

Begi nililiona tangu Alhamisi, limesukumwa chini ya kitanda cha Veronika, nguo za Mniko zinachungulia kwenye zipu iliyoharibika. Sikuuliza. Mimi siombi mtu abaki kwangu, sijaanza na sitaanza. Lakini wakiondoka hao, nani ataitwa wa mji huu? Nitakaa hapa na mbuzi.

Na Veronika simlaumu kuchoka. Ni mtu wa Issenye, mrefu, jembe analijua, kufagia hakujui. Akiamka tu, mdogo yuko mgongoni na mkubwa kashika sketi. Huyo Mniko, tangu apate mdogo wake, amekuwa kitu cha kutapisha. Anaokota mavi ya kuku anaweka mdomoni. Amekojolea ndoo ya maji ya kunywa, makusudi, huku ananiangalia. Siku moja alitafuna ugali, akautoa, akamsokomeza Mogesi ambaye hana hata jino. Na hizo pampasi ambazo Veronika ananunua sokoni! Nilimwambia azike, akatupa nyuma ya choo, mbwa akaikokota mpaka miguuni pa mchungaji aliyekuja kutuombea. Mchungaji akafumba macho akaendelea kuomba. Mimi niliona aibu mpaka leo sijaenda tena kanisani kwake.

Basi Nelson akapewa kiti cha plastiki. Veronika akampa ambayo mimi nisingempa, maziwa ya kibuyu. Hakunywa. Alichungulia ndani ya kikombe, akakiweka chini, inzi wakakinywa yeye anaangalia.

"Huko kuna vigae," akamwambia Veronika. "Unapiga deki tu. Maji iko bomba, TV iko. Huku mtu anaishi aje?"

"Anaishi hivi," nikasema.

"Mathe, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hii ni damu yangu."

"Ng'ombe zilizotoka zilikuwa zako?"

Akamvuta Mniko. "Kuja hapa, bosi. Sema dadi."

Mniko akamwangalia kama anavyoangalia bata. Akapewa simu, ikaanza kuimba, akatulia. Veronika akaingia kuchukua begi. Nikasikia linavyoburutwa kwenye sakafu yangu mbichi, likiikwaruza, na sikugeuza shingo.

Huyo mwanamume alikuwa amevua kiatu kimoja kutoa kokoto. Kiatu cheupe, safi. Mniko, macho yakiwa kwenye simu, akachuchumaa, akafanya ndani ya kile kiatu haja yake yote, bila haraka, kama mtu mzima aliyefika chooni kwake.

"Veronika!" Nelson akaruka, mguu mmoja juu. "Veronika, kuja utoe hii kitu!"

Veronika akatokea mlangoni na begi begani. "Kitu gani?"

"Hii!" Akamwonyesha Mniko kwa leso. Hakukionyesha kiatu, alimwonyesha mtoto. Mniko akaanza kulia.

Nilitaka kucheka lakini sikupata nafasi, kwa sababu Mogesi alianza vile vya tangu juzi. Alitaka kunyonya. Veronika akatua begi, akamchukua, akampa ziwa. Mtoto akashika, akavuta mara moja, akaachia akitweta. Pua zote mbili zimeziba, kamasi nzito ya kijani. Akashika tena, akaachia. Akawa analia bila sauti, mdomo wazi, uso unageuka rangi.

"Mpeleke hospitali," Nelson akasema. Alikuwa amerudi nyuma hatua mbili kuelekea kwenye migomba.

"Wewe mshike nimfungie kanga," Veronika akamwambia, akamnyooshea mtoto.

Nelson akaangalia ile kamasi iliyoning'inia mpaka mdomoni. Akaangalia shati lake. Mikono yake haikutoka.

Nikasema, "Lete huku."

Nikamlaza Mogesi mapajani, kichwa kwenye kiwiko. Nikaweka mdomo wangu puani pake, nikavuta. Nikatema. Nikavuta upande wa pili, nikatema tena, na kama ilianguka karibu na kiatu chake kilichobaki mguuni, si kosa langu, meno yangu ni machache na sijui kulenga. Wale mabinti zangu wote niliwavuta hivi. Ina chumvi, na ukishatema imekwisha.

Mtoto akapiga chafya. Akapumua. Veronika akampokea, akampa ziwa, tukamsikia anavyomeza.

Nyuma ya migomba Nelson alikuwa anatapika. Mwanamume mzima, na leso yake! Alirudi macho mekundu.

"Mathe, hiyo ni uchafu. Utaambukiza mtoto magonjwa."

Nilikuwa nasukutua.

Veronika ndiye aliyejibu, polepole, macho kwa mtoto. "Huko Sirari pua yake ikiziba, nani atamvuta?"

"Kuna kampira kanauzwa duka la dawa. Tutanunua."

"Na kabla hujanunua?"

"Si wewe ni mama yake?"

"Mimi ni mama yake. Wewe je?"

"Mimi natafuta pesa, Vero. Hayo mambo ya mavi na kamasi ni ya wanawake."

"Huyu mwanamke," Veronika akasema akinielekezea kidevu, "anatafuta na anavuta."

Nelson akasema mengi baada ya hapo, ya vigae tena, ya damu tena. Veronika akambadilishia mtoto ziwa. Mwisho Nelson akachukua simu yake mkononi mwa Mniko, akaifuta kwa leso, akapanda bodaboda na kiatu kimoja. Kile kingine alikiacha. Wa bodaboda alikuwa amejikunja kwa kucheka, hakuweza kuwasha.

Tukabaki. Mniko alikuwa amepaka ukuta wangu mavi, nikamkamata nikamwosha, akaning'ata kidole. Veronika alirudisha begi ndani, nikasikia anatoa nguo moja moja.

Alipotoka akasema, "Mama, usifikiri nimebaki kwa ajili yako."

"Sijakuuliza."

"Na sakafu nitairudia kusiriba mimi."

"Utairudia, ndiyo. Umeikwaruza wewe."

Akakaa chini karibu na kigoda changu, Mogesi mkononi. Kamasi ilikuwa imeanza kushuka tena. Akaiangalia muda mrefu, shingo imekakamaa, uso umekunjamana kama wa Nelson kabisa.

"Nionyeshe unavyofanya," akasema. "Wewe hutaishi milele."

Nikamwonyesha jinsi ya kushika kichwa. Akafumba macho, akaweka mdomo, akavuta. Akatema, akaruka pembeni, akatoa ulimi nje kama mbwa, machozi yanamtoka.

"Aka! Mama! Inachefua!"

"Inachefua," nikasema. "Bado upande mmoja."