Mkono wa Umeme Ukweni Mbingu

Kwa miaka kadhaa nimeandika makala kuhusu binadamu wa kesho, yule atakayevaa viungo vyenye nguvu kuliko vya kuzaliwa. Kisha ajali ya pikipiki ikanichukulia mkono wa kulia, na rafiki niliyesoma naye chuo, anayeishi Ulaya, akaniletea mkono wa umeme. Nikajiona nimeifikia kesho kabla ya watu wote wa Ifakara.

Niliuvaa siku niliyokwenda kijiji cha Mbingu kujitambulisha kwa baba wa mwanamke niliyetaka kumuoa. Mwanamke mwenyewe, mwalimu na mjane, alikuwa ameshanionya: "Baba hataki mkwe asiyeweza kushika jembe. Amelisema hilo mbele ya ukoo."

Kwenye basi abiria wakauliza kama mkono unachajiwa kama simu. Jibu lilikuwa ndiyo, ila niliona aibu kulitoa. Badala yake nilifungua soda za watu, nikamenya karanga, nikamshikia mama mmoja kuku wake mpaka aliposhuka.

"Na ngumi je?" jirani yangu akauliza.

Nikamwonyesha ngumi, tena na tena.

Mzee alinipokea mlangoni, binti yake akiwa nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Vidole vyangu vikakifumbata vizuri kiganja chake, halafu chaji ikaisha. Mkono ule ukizimika hauachii.

Bahati nzuri, kwetu salamu hazina haraka. Nikaulizia mvua, mpunga, kiuno chake, hata ng'ombe wa majirani walioingia shambani msimu uliopita. Alijibu yote kwa upole. Nikaulizia mpunga tena.

"Kijana," akasema, "nimekamatwa?"

Mchumba wangu akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Nikafungua shati, nikalegeza mikanda kwa meno na mkono wa kushoto, nikarudi nyuma. Mkono wa kesho ukabaki ukining'inia kwa mzee. Akautazama, kisha akakitazama kigutu changu.

"Huu ndio wa kushikia jembe?"

"Hapana, baba. Jembe lilinishinda hata nilipokuwa na mikono yote miwili."

Akaupima uzito ule mkono, nami nikaanza kufikiria basi la kurudi.

"Hata wenye miwili hapa kijijini," akasema, "wanalimiwa na wake zao." Akamgeukia binti yake. "Mama, acha kucheka na ukuta. Njoo umpokee mkwe mzigo wake huu."