Kofia Iliyobaki Baa

Baa ile ilikuwa ndani ya nyumba ya mawe ya kale mjini Mutsamudu, yenye mlango wa nakshi mzito hata naapa ulitaka wanaume arobaini kuufungua. Enzi za mamluki mwenye nyumba aliipangisha, na wazungu wale wenye bunduki wakawa wananywea chini ya boriti zilizozoea kusikia maulidi. Sisi wenyeji tuliingia kwa nyuma. Adabu yake nilijifunza kwetu Moroni, kisiwa kingine: unavua kofia, unaikunja, unaitia mfukoni, ndipo unaingia. Kofia haikai baa, hata kama kichwa kinakaa.

Alasiri moja karani mwenzangu wa bandarini alininunulia soda kusherehekea cheti changu cha shule ya usiku, ambacho kwa hesabu yangu kilitosha kunifanya waziri. Mfuko ulijaa hicho cheti, kofia nikaiweka kitini. Mara mamluki wawili wakashikana mashati, tukatoka mbio. Nilifika sokoni ndipo nikajipapasa kichwa. Kitupu.

Kofia ile mchumba wangu aliidarizi miezi minane. Wanawake wa mji ule husoma sindano kama mimi nisomavyo gazeti, tena wao hawaruki kurasa. Mama yake alikwishatamka mbele ya watu kwamba mlevi hataoa kwake. Na huko mume ndiye anayehamia nyumba ya mke. Mlango ukifungwa, huna ndoa.

Nikarudi. Mbele ya baa amesimama mamluki mmoja, kofia yangu imemkaa utosini kama kikombe juu ya boga. Ng'ambo ya kichochoro, wanawake wamejitanda nguo zao za shiromani, wakiikagua. Katikati yao mama mkwe wangu mtarajiwa, na kikapu cha samaki.

Nilitaka kupotea. Kisha jirani mmoja akasema, "Huo si mkono wa mwanao? Kampa mzungu lini?"

Mama yule alipauka midomo. Hapo nikaona kwamba nikinyamaza nitaokoka mimi, ataangamia binti yake.

Nikamwendea mzungu. Kifaransa chote cha shule ya usiku kikayeyuka, nikanyoosha kidole tu. Akaniuliza kama ni yangu. Nikawageukia wanawake, nikajibu kwa Kingazija changu cha Moroni, na kila mmoja alielewa.

"Ni yangu. Nimeisahau humo ndani leo hii, nikinywa soda."

Mzungu akacheka, akanirushia. Mama hakucheka. Kwa heshima ya ukwe hakunikaribia. Alimtuma dada yake mkubwa, aliyesimama kando yake, aninuse mdomo mbele ya kichochoro kizima, kama anayekagua samaki. Bibi yule alivuta pumzi kwa muda unaotosha kuvuka bahari hadi Moroni.

"Soda," akatangaza, kama aliyehuzunika kidogo.

Mama akainua kikapu chake. "Kaifue," akaniambia bila kunitazama. "Inanuka sigara za watu. Na Ijumaa ukija kwetu, usije na huyo rafiki yako mzungu."

Ijumaa nilifika mlangoni kwao kabla muadhini hajaamka, nikasimama nje mpaka jua likaniunguza shingo, nisithubutu kubisha.