Mtungi wa Mgeni Rasmi

Miaka ile ya shida, madukani Musoma palibaki kaunta na mwenye duka. Sufuria ilikuwa hadithi. Wake za wakubwa, waliokuwa wakimwita mama yangu "yule wa matope", walipanda basi mpaka kwetu Nyamuswa kumbembeleza awafinyangie chungu cha kupikia. Mama aliwafinyangia wala hakuwacheka. Niliwacheka mimi kwa niaba yake.

Kisha biashara ikaruhusiwa. Mnada wa Bunda ukajaa sufuria na ndoo za plastiki, na wale wake za wakubwa wakasahau njia ya kwetu. Vyungu na mitungi ya mama vikalundikana nyuma ya nyumba, kuku wakatagia humo. Mimi, binti yake, wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi Kigera. Nilikuwa na kiboksi cha rangi za maji nilichotoka nacho chuoni, na nilijiona mtu wa maana sana. Nikachukua mitungi ya mama, nikaichora ubavuni: ziwa, kisiwa cha Rukuba, mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi kama anapigwa picha ya pasipoti.

Ofisa utamaduni alipoiona alikaribia kulia. Akaniuliza kama nimeifinyanga mwenyewe. Nikasema ndiyo, naye akaniandikisha kwenye maonyesho ya wafinyanzi. Siku ya maonyesho Musoma niliulizwa tena na tena, na kila mara nilijibu "mimi", mpaka nikaanza kuona mikono yangu ina uzoefu.

Mama alikuja kunitazama, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akakuta mtungi mkubwa kuliko yote umewekwa mezani kwa mgeni rasmi, ndani mkavu. Kwake yeye, kumwekea mgeni mtungi mtupu ni matusi. Akaomba ndoo ya maji, akaujaza, akaufunika, akaenda kukaa nyuma.

Mgeni rasmi akahutubia. Alitueleza soko huria, halafu akalieleza upya kwa waliosinzia mara ya kwanza. Sasa, mtungi wa udongo ukijazwa hutoa jasho taratibu, na ndivyo unavyopoza maji. Jambo hilo analijua kila mtoto wa mfinyanzi, isipokuwa yule aliyekwenda chuo. Kabla mheshimiwa hajafika kwenye ajira kwa vijana, mvuvi wangu alikuwa ameyeyuka hadi kiunoni. Rukuba ikazama. Rangi ya bluu ikatiririka kwenye kitambaa cheupe mpaka ikalowesha karatasi za hotuba.

"Kumbe mtungi wenyewe mbovu, unavuja!" akasema kwenye kipaza sauti. "Nani ameufinyanga?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nami, niliyejibu "mimi" asubuhi nzima, nikanyoosha kidole hadi safu ya nyuma.

"Yule pale. Mama yangu."

Watu wakaangua kicheko. Sijawahi kuona aibu kama ile, na niliistahili yote.

Mama akasimama. Hakunitazama.

"Ni wangu," alisema. "Huo hauvuji, mheshimiwa. Unatoaga jasho, ndiyo maji yanapoa. Hebu onja."

Akapita katikati ya viti, akachota kikombe, akampa kwa mikono miwili. Mgeni rasmi akanywa, akaomba kingine.

Lakini cheti cha mfinyanzi bora kilikuwa kimeshaandikwa jina langu, na ofisa hakuwa na karatasi nyingine. Wakaniita. Nikainuka, nikakipokea, na mama akanipigia makofi.