Habari za Kupeleka kwa Miguu

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha phonie hapa Kamina, chef de station, mkuu wetu wa kituo, alininyang'anya kipaza sauti kabla sijamaliza salamu. Phonie, kwa ninyi mliozaliwa na simu mfukoni, ni redio ya kuzungumzia: unabonyeza kitufe ukitaka kusema, unakiachilia ukitaka kusikia. Mimi nilikuwa nimekibana kama mtu anayeogopa kuibiwa.

"Weye unafikiri uko peke yako ku hewa?" akanifokea. "Sema, achilia, sikiliza. Bantu ba Bukama nabo beko na midomo."

Baadaye nilipelekwa Bukama, kisha Mulongo, ambako betri zetu zilichajiwa kwa jua na mvua ikishika tulikuwa bubu, halafu nikarudishwa Kamina. Kote huko tulikuwa na kilugha chetu. "Cinq sur cinq" ni kusema nakusikia vizuri. "À toi" ni kusema zamu yako. Kwa hiyo wazee wenzangu wakikasirika kwamba vijana wanaandika "mdr" badala ya kucheka na "tkt" badala ya kusema usijali, mimi siwaungi mkono. Binti yangu Mireille, anayefundisha informatique na kuandika programu za kompyuta, aliniambia sheria kubwa ya wenzake: kitu kikikubali kufanya kazi, usikiguse. Nilicheka mpaka nikakohoa. Chef technicien wa Bukama alimtoa mtu nje kwa sababu hiyohiyo: mtu huyo aligusa antena iliyokuwa ikifanya kazi vizuri.

Habari za teknolojia nazisoma kwenye simu kila asubuhi, nikinywa chai. Juzi waliandika eti sasa kuna mashine inayojibu swali lolote, hata lile isilolijua. Tulikuwa na opérateur wa redio wa namna hiyo kule Mulongo. Alihamishwa.

Lakini kuna jambo moja lililonitia hasira kweli, nalo linatoka kwenye kazi yetu. Kwenye phonie, kifo hakikutangazwa hewani. Kila mwenye redio kwenye fréquence ile angesikia, na msiba ungefika sokoni kabla ya kufika kwa wenyewe. Opérateur wa upande wa pili alitaja familia tu, akasema, "Iko ya miguu." Basi ulijua kwamba habari hiyo unaibeba mwenyewe, wewe na pasteur, mpaka kwa mkubwa wa familia.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kuongea na mume wake aliyeko Bukama. Jibu likaja: ya miguu. Chef de station hakubadilika uso. "Mama, rudia ku nyumba, siye tutakufuata," akamwambia, na mama akaenda zake akilalamikia mitambo yetu. Nilimwuliza chef kwa nini hakumwambia palepale.

"Hapa pa mbele ya bantu benye kungojea zamu?" akajibu. "Aanguke, na kila mutu amuangalie? Hapana. Tutaenda."

Tukaenda. Kazi ile sikuizoea hata siku moja.

Sasa fikirini uchungu wangu mwaka jana. Binamu yetu alifariki Lubumbashi, na kijana mmoja wa familia akaweka picha ya marehemu kwenye statut ya WhatsApp, na mishumaa na RIP, kabla hajapigiwa simu mtu yeyote. Dada wa marehemu aliiona kule Kaniama, akiwa sokoni katikati ya magunia ya mahindi. Akaanguka chini mbele ya wateja. Nilituma sauti ndefu kwenye groupe la familia, nikawaeleza habari za miguu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikajibiwa "tkt papy" na vidole gumba. Nikasema basi, kizazi hiki tumekipoteza.

Halafu kaka yangu mkubwa akaugua, kule Bukama. Groupe lilijaa maombi, sauti, picha zake akila uji. Asubuhi moja nikafungua simu, hakuna kitu. Nilidhani réseau imekatika, lakini nikaona wengi wako en ligne. Wako pale, na hakuna anayeandika. Nikaiweka simu chini, nikatoka uani.

Mireille aliingia uani pamoja na pasteur. Alinikalisha kwanza. Akanishika mikono, akaniambia.

Nililia. Nilipoweza tena kuongea, nilimwuliza ni nani aliyewaamuru watoto wanyamaze.

"Hakuna, papa," akasema. "Ndo nilikuwa nataka kubaandikia banyamaze, nikaona bote bamesha kunyamaza."

Hapo nikalia upya, na safari hii si kwa ajili ya kaka yangu peke yake.