Dawa Mbili za Mama Clifford

Kenyatta Market hakuna msusi anayesuka peke yake, labda awe mgeni au awe na kiburi. Mteja akikaa, wasusi wanne wanamzunguka, kila mmoja na pembe yake ya kichwa, na kazi ya siku nzima inaisha haraka mpaka mteja mwenyewe anashangaa. Ni raha kuona. Lakini ukilegea wewe, kichwa kitakusema. Wenzako watatu watakuwa wamefika utosini na wewe bado uko shingoni, na mteja anaanza kutazama saa.

Pembe ya kisogoni upande wa kushoto ilikuwa ya Peres, mama Clifford, mke wa Ochola wa kule Uthiru. Alikuwa na vidole, huyo mama! Na kwa kuchanganya rangi hakuwa na mpinzani. Mteja akitaka rangi ambayo haipo dukani, Peres alichukua pakiti ya nywele za bandia za namba moja, nyeusi, na ya namba thelathini na tatu, hudhurungi, akazivuta pamoja unywele kwa unywele mpaka ikatoka rangi ya tatu ambayo ungeapa ilitengenezwa hivyo.

Basi ugonjwa ukamjia. Hakufiwa, hakuachwa, na Ochola hata pombe hanywi. Aliamka tu siku moja akiwa mzito, na uzito ukakataa kuondoka. Kanisani wakamwombea, akasema amina, akarudi nyumbani vilevile. Mwishowe akaenda kliniki moja ya mjini. Daktari Musili akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia huo ni ugonjwa kama mwingine wowote, unaitwa sonona, na una dawa.

Dawa ya kwanza ilikuwa amitriptilini, kidonge cha jioni. Ilimlaza, jamani! Machozi yakakauka, lakini na mdomo ukakauka nao, na asubuhi aliamka kichwa kimejaa pamba. Alisinzia akiwa amesimama, nywele za watu mkononi.

"Mama Clifford, uko na sisi kweli?" aliuliza Mercyline. Mercyline ndiye mwenye kiti. Wateja ni wake, na yeye ndiye anayeamua nani ashike kichwa gani.

"Ni malaria tu, dada. Itaisha."

Malaria gani hiyo isiyoisha? Lakini angesema nini? Sokoni pale ukishatajwa kwamba una ugonjwa wa akili, hata ukipiga chafya watu watatazamana. Na Peres alitaka kitu kimoja tu: asinyang'anywe pembe yake.

Akarudi kwa daktari. Musili akaipunguza ile dawa pole pole, kisha akampa nyingine, fluoksetini, kapsuli ya asubuhi. "Hii haitakusinzisha," akasema. "Mwanzoni inaweza kukunyima usingizi na kutetemesha mikono kidogo. Vumilia. Na ile ya kwanza usiiguse tena."

Kweli, asubuhi zikamrudia. Kichwa kikawa chepesi, hata chai ikawa na ladha. Lakini mikono! Vidole vikatetemeka, nywele zikamponyoka, na usiku akalala macho wazi huku Ochola akikoroma. Dawa ya kwanza ilimpa usingizi ikamharibia asubuhi, ya pili ikampa asubuhi ikamharibia vidole. Na bila dawa yoyote ni kurudi kwenye ule uzito, ambako alikuwa ameapa harudi ng'o. Alikuwa amenaswa, mwanamke wa watu, na hakuna wa kumwambia.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni msusi tu angelifanya. Alijiuliza: rangi mbili zisizofaa zikichanganywa, si hutoa moja inayofaa? Vidonge vya zamani vilikuwa bado kwenye mkoba. Akaanza kumeza zote mbili, kapsuli asubuhi, kidonge jioni, akingoja rangi yake ya tatu itokee. Ee Mama Clifford! Nani alikwambia dawa ni nywele?

Siku mambo yalipoharibika, kwenye kiti alikuwa Anita, mteja wao wa Lavington. Peres alikuwa katikati ya pembe yake moyo ukaanza kumwenda mbio. Jasho likamtiririka, vidole vikaruka vyenyewe vikiwa vimeshika nywele, Anita akapiga ukelele. Peres akataka kusema pole, ulimi ukagoma. Akaanguka juu ya pakiti.

Walimpeleka hospitali kwa gari la Anita mwenyewe. Alipopata nafuu alirudi kwa Musili, akamwambia ukweli wote. "Ungeniuliza, mama," daktari alisema. "Hizi mbili zikikutana mwilini, moja inaipa nyingine nguvu kupita kiasi, na moyo unaumia." Akachukua vile vidonge vya zamani, akambakisha kwenye fluoksetini peke yake, kwa kipimo kidogo.

Na kwa kuwa uongo ulikuwa umemchosha, Peres akamwambia na Mercyline ukweli.

Mercyline alilia. Akamkumbatia mbele ya watu. Wasusi wakamshika mikono, wakaomba palepale sokoni. Pembe yake akapewa Emmah, msusi mgeni, na Peres akaambiwa awe analeta maji moto, yale ya kuchovya ncha za nywele zisifumuke, kazi ya wanaojifunza. "Mpaka upone," alisema Mercyline, na alimaanisha.

Na akapona! Hiyo ndiyo inayoniuma. Mikono ilitulia, usingizi ukarudi, kicheko kikarudi. Akamwendea Mercyline, akanyoosha vidole. "Dada, niko sawa sasa. Angalia."

Mercyline hakuangalia vidole. Alimwangalia usoni, macho yamejaa huruma. "Najua, mama. Lakini pole pole. Hii kichwa ni kubwa, sitaki ujichokeshe. Umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa."

"Basi wacha Emmah ashike."

Angekasirika, lakini utamkasirikia vipi mtu anayekupenda? Akinyamaza, wanasema ni ugonjwa. Akicheka sana, wanaulizana kwa macho kama ni dawa. Alipokuwa mgonjwa akiwadanganya, walimwita msusi. Sasa mzima, wanamwita maskini.

"Mama Clifford, maji iko wapi?" Emmah aliita.

Peres akainua sufuria ya maji yanayochemka, imejaa mpaka ukingoni. Akapita nayo katikati ya viti, miguu na mikoba ya watu, akaitua nyuma ya mteja. Hakumwaga hata tone. Hakuna aliyeangalia.