Mwali wa Mnarani

Hata leo, harufu ya mafuta ya mbarika ikinipata, namwona dada yangu Wakesho ameketi katika giza la chumba cha ndani, ngozi inang'aa, masikio ameyatega mlangoni. Ilikuwa miaka michache baada ya ile vita kuu ya Wazungu, nyumbani kwetu kwenye vilima vilivyo juu ya Voi. Wakesho alikuwa mwali. Kwa desturi yetu, msichana aliyeposwa alifungiwa ndani miezi mingi, akilishwa vizuri, akipakwa mafuta na kufundwa na shangazi, wala mwanamume hakuruhusiwa kumwona. Mchumba wake, Mwakio, alikuwa mgane mwenye ng'ombe huko Mata, mbali kwenye tambarare za Taveta. Dada yangu hakuwa amewahi kusikia hata sauti yake. Mtamba wa posa alikwisha kufungwa zizini kwetu, na kila alipolia, Wakesho alikaza vidole.

Mimi nilikuwa bado mdogo, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia kwake, na asubuhi nilikwenda shule ya misheni. Huko Bibi, mke wa mmisionari, alitufundisha kushona, na tukishamaliza alitusimulia hadithi za kwao, kipande kipande. Msimu ule alitusimulia juu ya binti mfalme aliyefungiwa mnarani, langoni pamelala joka, na mfalme ametangaza kwamba atakayeliua atapewa binti. Sisi hatukuona mfungwa. Tuliona mwali, tena mwali aliyetunzwa vibaya mno.

"Nani anampaka mafuta?" msichana mmoja akauliza.

"Shangazi zake wamekufa wote?" akadakia mwingine.

Bibi alicheka hata akavua miwani. "Hapana, wanangu. Amefungwa. Anamngoja wa kumwokoa."

"Mwali haokolewi," jirani yangu akaninong'oneza. "Hutolewa."

Kila jioni nilimpelekea Wakesho kipande cha siku hiyo. Alikisikiliza bila kupepesa macho. Siku nilipomwambia kwamba joka limekufa na harusi imefanyika, mkono wake ulisimama juu ya goti lenye mafuta. "Na kibuyu?" akauliza. Kwetu, siku ya kutolewa, mwali hukabidhiwa kibuyu cha pombe ya miwa mbele ya wazee. Hunywa funda moja, kisha humpa mchumba. Funda lile ndilo ridhaa yake. Lakini hakuna aliyekumbuka mwali asiyekunywa, na kitendo chenyewe kilikuwa kimegeuka adabu tu, kama kupiga goti. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo kesho yake nilimwuliza Bibi kama binti mfalme aliulizwa.

"Alimpenda, mwanangu," Bibi akajibu.

"Alimwona lini?"

Bibi akaanza kuokota sindano zake.

Nilirudi na jibu hilo: hakuulizwa. Tangu hapo Wakesho hakusema neno kuhusu harusi. Shangazi alimtazama akatikisa kichwa: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi, kwa siri, nilimwomba Mungu dada yangu asinywe. Mata ilikuwa mbali, na sikuwa na dada mwingine.

Siku ya kutolewa, ua ulijaa watu. Wakesho alitoka macho yakiwa chini, akapiga goti, akapokea kibuyu kutoka kwa baba. Hakunywa. Wanawake walioanza vigelegele wakavikata katikati. Treni ilipiga honi huko chini stesheni, na kila mtu aliisikia.

"Kunywa, mwanangu," shangazi akasema akiuma meno. "Usitutie aibu mbele ya wakwe."

Wakesho akainua uso. "Baba, hiki kibuyu ni swali, au ni adabu tu?"

Baba alitupa jicho zizini. Mzee mmoja alisogeza kigoda chake nyuma. Kama baba angesema ni swali, mtamba yule angeweza kurudi Mata jioni ile. Ndipo nikasikia sauti nisiyoijua, nzito, yenye kikohozi kidogo.

"Ni swali," Mwakio akasema. Jasho lilimtiririka shingoni. "Nami nangoja."

Wakesho alimtazama kwa muda uliozidi adabu. Kisha akanywa, funda moja, akampa kibuyu. Vigelegele vilipasuka, mimi nilikimbilia nyuma ya zizi nikalia.

Nilipomtembelea dada yangu huko Mata miaka ya baadaye, kibuyu kile kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya kiti cha Mwakio. Aliniambia kwamba mumewe akianza kupaza sauti, yeye hukitazama tu, na sauti hushuka.

Siku hizi hakuna mwali anayefungiwa ndani, wala siwalilii wanaosoma badala ya kukaa gizani. Harusi hufanyika ukumbini Voi, kwa keki na vipaza sauti. Juzi mjukuu wangu aliniletea kitabu cha picha za rangi: binti mfalme, mnara, joka. Alinisomea hadi harusi, akakifunga. Nikamwomba akifungue tena, anitafutie mahali binti mfalme alipoulizwa. Alifunua kurasa mbele na nyuma, akalamba kidole, akafunua tena.

"Nyanya," akasema, "huo ukurasa haupo."