Balbu Kwenye Waya za Simu

Leo kahawa ni yangu, magunia ni yangu, lakini harufu yake bado inanirudisha stoo ya kahawa ya mama mdogo, kule Makandana. Nilikuwa binti wa kumlelea mtoto. Akienda sokoni na mumewe na mtoto, alinifungia humo kwa kufuli nisitoroke kurudi kijijini kwetu, Masoko. Dirisha hamna, na kwa mvua juu ya bati hukuweza hata kujisikia ukilia.

Waya za simu yao zilipita ukutani. Siku moja simu ilipoita nimezishika palipochubuka, zikanipiga vidole, nikajua zina umeme. Nikazimenya kwa msumari, nikafunga balbu ya tochi. Ikawaka kwa wekundu kama kaa la moto. Basi nikaiona mikono yangu.

Akaja fundi wa simu, akagonga.

"Nani anachezea laini humo? Tangu asubuhi inaonyesha simu imeinuliwa."

"Shikamoo. Ni mimi, nimewasha balbu."

"Marahaba. Fungua."

"Kufuli liko huko kwako."

Akalitikisa. Nikajifunga kanga vizuri, nikasimama mlangoni.

"Haya mwanangu, toa hiyo balbu. Watu wanampigia mwenye nyumba, hawampati."

Nikaitoa. Nikasikia buti zake kwenye tope, zikienda.